Mawimbi ya Zimamoto Si Nguo ya Mnadani

Iko mali moja isiyoonekana kwa macho wala kushikika kwa mkono, na matajiri huigombania kama fisi wagombaniavyo mfupa. Mali hiyo ni mawimbi ya redio. Leo twataka kusema juu ya jambo lililofanywa na Serikali ya Marekani mwaka 2012, ilipotunga sheria ya kuwaondoa askari polisi, zimamoto na watu wa magari ya wagonjwa katika mawimbi waliyokuwa wakiyatumia katika miji 11 mikubwa ya nchi hiyo, ili mawimbi hayo yapigwe mnada. Sheria hiyo ilifutwa mwishoni mwa Desemba 2020, shoka likiwa limekwisha kuinuliwa. Wengi waliposikia imefutwa walishusha pumzi wakaenda zao. Sisi hatuendi zetu. Kilichofutwa ni sheria tu. Fikira iliyoizaa ingali nzima, na fikira haiombi pasipoti ipitapo mipakani.

Msomaji mmoja atauliza: sisi na New York wapi na wapi? Ngoja, ndugu, tutafika. Kwanza tueleze mambo yenyewe, asije mtu akasema twapiga kelele kwa jambo tusilolijua.

Askari anapobonyeza redio yake akasema, sauti yake huchukuliwa na wimbi lenye kipimo chake, ambacho wataalamu hukiita masafa. Wawili wakisema kwa kipimo kimoja mahali pamoja, husikika mngurumo tu, hapana amsikiaye mwenziwe. Ndiyo maana kila serikali duniani huyagawa mawimbi: haya ya ndege, haya ya meli, haya ya televisheni, haya ya jeshi, haya ya simu. Hayaongezeki kama mahindi shambani. Tena hayalingani kwa tabia. Yale ya vipimo vya juu sana hubeba habari nyingi lakini hushindwa na ukuta. Yale ya chini hubeba machache, lakini hupenya saruji na kushuka hata vyumba vya chini ya ardhi. Zimamoto aliyeingia ghalani, moshi umemziba macho, hana haja na wimbi la kubeba picha za sinema. Ataka lile litakalopita ukutani limwambie: toka, dari laanguka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 miji mikubwa ya Marekani ilikuwa imejaa redio hata njia za polisi hazikutosha. Tume inayosimamia mawasiliano huko, iitwayo FCC, ikawaruhusu kugawana na televisheni vipimo vya kati ya megahezi 470 na 512, yaani chaneli za 14 hadi 20. Wamarekani wakayaita mawimbi hayo T-Band. Miji iliyoyatumia ni Boston, Chicago, Dallas, Houston, Los Angeles, Miami, New York, Philadelphia, Pittsburgh, San Francisco na Washington. Kwa miaka 40 watu hao wakajenga. Wakasimamisha minara juu ya vilima na juu ya maghorofa, wakanunua redio za mkononi kwa maelfu, wakafundisha vijana wao, na miji midogo iliyo kando ya mikubwa ikapatana nayo, hata askari wa mji huu akavuka mpaka akamfukuza mwizi katika mji wa pili huku akisema na wenyeji wa huko kwa redio ile ile. Kazi ya namna hiyo haifanywi kwa siku moja, wala hainunuliwi dukani ikiwa imefungwa katika sanduku.

Aprili 2013, mabomu yalipolipuka katika mashindano ya mbio za Marathoni mjini Boston, kila mtu alishika simu yake kutafuta ndugu zake, na simu zikasongamana zikakwama. Katika saa ile polisi, zimamoto na watu wa magari ya wagonjwa wa Boston na wa miji jirani waliendelea kusemezana kwa mawimbi ya T-Band. Na wakati huo, ndugu wasomaji, sheria ya kuwaondoa humo ilikwisha kutiwa sahihi zaidi ya mwaka mmoja nyuma.

Sheria yenyewe ilitiwa sahihi na Rais Obama tarehe 22 Februari 2012. Ilikuwa sheria ya kuwapunguzia kodi watu wa tabaka la kati na kuleta kazi. Jina zuri, nani atalipinga? Lakini kodi ikipunguzwa, lazima pengo lizibwe kwa fedha za mahali pengine, na wenye kupiga hesabu wakatazama huku na huko wakayaona mawimbi. Ndani ya sheria ile ya kodi, katika kifungu cha 6103, wakaandika kwamba kabla ya kupita miaka 9 FCC ianze kuyapiga mnada mawimbi ya T-Band ya watu wa usalama, na kwamba miaka 2 baada ya mnada kwisha wenyewe wawe wamehama. Wahamie wapi? Sheria haikusema. Ilisema tu kwamba fedha za mnada zingeweza kutumika kuwasaidia kuhama.

Tuseme na upande wa pili, maana hatupendi kushinda kwa kuficha. Sheria ile ile iliwapa watu wa usalama zawadi kubwa: mawimbi ya megahezi 10 katika kundi la 700, kuongeza juu ya 10 waliyokuwa nayo, na dola bilioni 7 za kujenga mtandao mpya wa nchi nzima uitwao FirstNet. Zawadi ile waliidai wenyewe kwa miaka mingi, na walistahili kuipata. Lakini mkono wa kulia ulipokuwa ukitoa, wa kushoto ulikuwa ukipokonya, na wakubwa wakasema ni biashara ya haki, umepewa kipya basi rudisha cha zamani. Wahenga walikwisha kutuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. FirstNet ya mwaka 2012 haikuwa hata msala. Ilikuwa karatasi. Mkataba wa kuijenga ulitolewa kwa kampuni ya AT&T mwaka 2017, miaka 5 baadaye, nao ni mkataba wa miaka 25.

Tena jambo lililotushangaza kuliko yote ni hili. Ndani ya T-Band hawamo polisi na zimamoto peke yao. Wamo pia wenye biashara na viwanda, nao wana vibali vyao. Sheria haikuwagusa hao hata kidogo. Iliwaamuru waondoke watu wa usalama tu! Maana yake mali iliyotarajiwa kupelekwa mnadani ilikuwa kama kanga iliyotobolewa na mende: hapa kipande kizima, hapa tundu, hapa kipande, pale tundu. Kampuni ya simu itainunua ya nini? Aliyekiandika kifungu kile ama hakujua alichokuwa akikiuza, ama alijua na hakujali.

Hesabu zilipopigwa aibu ikaonekana. Baraza la mawasiliano la watu wa usalama wenyewe, NPSTC, lilitoa taarifa mwaka 2013 likisema kwamba kuwahamisha kungegharimu kiasi cha dola bilioni 5.9. Mtu angeweza kusema hao wavutia kwao. Haya, FCC yenyewe, iliyopewa kazi ya kupiga nyundo, ilipofanya hesabu yake ilipata dola bilioni 5 hadi 6. Ofisi ya ukaguzi ya Kongresi, GAO, iliandika Juni 2019 kwamba fedha za mnada huenda zisifikie gharama hizo, kwamba katika baadhi ya miji hiyo mawimbi ya kuwahamishia ni haba au hayapo, na kwamba Kongresi ifikirie kuwaacha watu hawa wakae walipo. Desemba 2019 mwenyekiti wa FCC, Ajit Pai, ambaye hakuna awezaye kumshitaki kuwa adui wa makampuni, alitangaza kwamba kila njia ya mnada waliyoipima ingeshindwa, akaiomba Kongresi ifute kifungu kile. Yaani Serikali ilitaka kuuza nyumba ya zimamoto kwa bei isiyotosha hata kulipia gari la kuhamisha vyombo vyake.

Hata hivyo sheria ni sheria. Mwaka 2020 FCC ikalazimika kuandaa taratibu za mnada ambao mwenyekiti wake amekwisha kusema haufai. Mbunge Eliot Engel wa New York na Seneta Edward Markey wa Massachusetts walikuwa wamepeleka miswada ya kuzuia, na Septemba 2020 Baraza la Wawakilishi likaupitisha wa Engel kwa kura nyingi mno. Ndipo ikaingizwa katika sheria kubwa ya matumizi ya fedha iliyotiwa sahihi tarehe 27 Desemba 2020. Siku ya mwisho iliyowekwa kuanza mnada ilikuwa Februari 2021. Walibakiwa na wiki 8!

Sasa atokee mwerevu aseme: mbona mwalalamika, si yamekwisha, hakuna aliyehamishwa? Huyo hajaishi katika nyumba yenye alama ya kubomolewa. Tangu Aprili 2012 FCC ilifunga mlango: hakuna vibali vipya katika T-Band, hakuna kupanua eneo. Mji ukikua, vitongoji vikiongezeka, polisi hawezi kuongeza njia ya redio. Mitambo ikichakaa, diwani gani atapitisha fedha za kununua mipya ya mawimbi ambayo Serikali imesema itayachukua? Na hawezi kununua ya mawimbi mengine, maana hayo mengine hajapewa. Kwa miaka zaidi ya 8 watu hawa walikaa mlangoni na mizigo yao, hawaambiwi ingieni, hawaambiwi nendeni. Gharama ya kungoja kwa namna hiyo haimo katika zile dola bilioni 5.9.

Na sasa tuulize swali linalotukera. Hivi katika nchi ile huhamishwa nani upesi, na nani hubembelezwa?

Mwaka 1997 Kongresi iliamuru watu wa usalama wapewe megahezi 24 katika kundi la 700, ambamo walikuwamo wenye vituo vya televisheni, chaneli za 60 hadi 69. Vizuri. Lakini wenye televisheni hawakuambiwa tokeni siku fulani. Waliambiwa wakae hadi mwaka 2006, na hata baada ya hapo wakae mpaka nyumba 85 katika kila 100 ziwe na uwezo wa kupokea televisheni ya namna mpya. Ikapita 1998, 1999, 2000. Tarehe 11 Septemba 2001 majengo mawili marefu ya New York yalipigwa kwa ndege. Jengo la kwanza kuanguka lilianguka saa 3:59 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki za kuhesabia mchana, na la pili saa 4:28. Katika dakika zile 29 helikopta za polisi zililiona jengo lililobaki likielekea kuanguka, nao polisi walikuwa na redio zao, na zimamoto waliokuwa ndani ya jengo walikuwa na zao, mbali mbali. Wengi wao hawakuipata amri ya kutoka. Siku ile walikufa zimamoto 343. Hatusemi kwamba ni mawimbi peke yake yaliyowaua. Zilikuwako sababu nyingi, za mitambo, za uongozi, na za kutopatana kwa polisi na zimamoto. Lakini tume iliyochunguza ilipotoa taarifa yake mwaka 2004 ilidai mawimbi yale ya 700 yatolewe upesi kwa watu wa usalama. Wenye televisheni walitoka lini? Tarehe 12 Juni 2009. Miaka 12 tangu sheria, na karibu miaka 8 tangu majengo yale yaanguke.

Tajiri mwenye kituo cha televisheni alisubiriwa mpaka watazamaji wake wanunue vyombo vipya. Zimamoto akaandikiwa tarehe ndani ya sheria ya kodi. Twaomba mtu yeyote mwenye akili timamu atueleze haki iliyomo humo.

Upo mfano mwingine, wa kundi la 800, nao una funzo la pande mbili. Huko FCC ilikuwa imeyachanganya mawimbi ya polisi na ya kampuni ya simu iliyoitwa Nextel, moja hapa moja pale, kama shanga za rangi mbili. Minara ya Nextel ilipokuwa mingi na yenye nguvu, redio za polisi zikawa zinazimika mahali wapitapo karibu na minara hiyo. Mwaka 2004 FCC ikaamua watenganishwe. Na hapa twasema haki: gharama za kuwahamisha watu wa usalama alibebeshwa Nextel mwenyewe, ingawa naye alipewa mawimbi mengine mazuri sana karibu na kipimo cha 1,900, hata si rahisi kusema kama aliadhibiwa au alituzwa. Kazi ilianza 2005 na ilipangwa kwisha kwa miezi 36. Ilimalizika mwaka 2021! Wenye vibali zaidi ya 2,100 walihamishwa. Atakayekuja tena na kalamu yake kuandika kwamba polisi wa New York, Chicago na Los Angeles watahama kwa miaka 2, aonyeshwe kwanza miezi hii 36 iliyokuwa miaka 16.

Wako wanaosema kwamba yote haya ni mambo ya kizamani, kwamba siku hizi polisi na zimamoto watatumia simu za kisasa, watazungumza, watatuma picha na ramani, redio za nini tena? Hatupingi simu. Ramani ya moto ikionekana mkononi mwa kamanda ni jambo jema. Lakini simu hutegemea mnara. Mnara ukiungua, au umeme ukikatika na betri zake zikaisha, simu huwa kipande cha kioo. Redio ya zimamoto husema na redio ya mwenziwe moja kwa moja, mnara uwepo usiwepo. Wawili walioko ndani ya jengo moja hawana haja ya kuomba ruhusa kwa mtambo ulioko maili 10.

Tena anayetegemea mtandao wa mwenye duka hutegemea na masharti ya mwenye duka. Mwaka 2018 huko California, moto mkubwa wa msituni ukiwaka, zimamoto wa wilaya ya Santa Clara walikuwa na gari maalumu la kuongozea kazi, lililounganishwa kwa mtandao wa kampuni ya Verizon. Walipopitisha kiasi fulani cha matumizi, kampuni ikawapunguzia mwendo wa mtandao hata gari likawa halifai kitu, na walipolalamika wakaambiwa wanunue mpango wa bei ya juu zaidi. Habari hizi mkuu wao alizieleza kwa kiapo mahakamani. Kampuni baadaye ilikiri kwamba ilikosea, haikupasa kuwabana wakati wa hatari. Twaipokea radhi yake. Lakini moto haungoji radhi, na karani aliyewajibu zimamoto wale hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu wa duka akisoma bei zilizoandikwa ukutani.

Basi tufike nyumbani kama tulivyoahidi.

Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya zamani ya televisheni ilizimwa Dar es Salaam, na tarehe 17 Juni 2015 ikawa siku ya mwisho iliyowekwa na mapatano ya kimataifa kwa nchi zetu za Afrika pamoja na za Ulaya. Mawimbi yaliyoachwa wazi na televisheni ni yale yale ya tabia njema tuliyoyasifu, yapenyayo ukuta na kufika mbali. Mwaka huo huo wa 2015, Mkutano wa Dunia wa Mawasiliano ya Redio uliokutana Geneva ulizihimiza nchi zote ziyatazame masafa ya kati ya megahezi 694 na 894 kwa kazi za ulinzi wa raia na uokoaji. Kwetu Tanzania, TCRA ilipiga mnada mawimbi ya 700 mwaka 2018, na mwaka 2022 ukafanyika mnada mwingine. Hatusemi mnada ni dhambi. Mkulima wa kijijini ataka simu yake ishike, na fedha zikiingia Hazina ni za wananchi. Tusemalo ni kwamba mawimbi hayazaliwi mara ya pili. Uliyempa tajiri leo kwa kibali cha miaka mingi, kesho mji utakapokuwa na watu maradufu, na magari ya zimamoto maradufu, utamwendea kwa magoti kumwomba akurudishie kipande, naye atakutajia bei.

Kwa hiyo twadai mambo yafanywe kwa kufuatana. Mtu wa usalama asiondolewe katika wimbi lake kabla jipya halijajengwa, halijajaribiwa ndani ya majengo na chini ya ardhi, na halijathibitishwa na watakaolitumia, si na watakaoliuza. Gharama alipe anayefaidika na kuhama kule, wala zisingoje nyundo ya mnada ndipo zijulikane kama zitatosha. Na mambo ya mawimbi yasichomekwe ndani ya sheria ya kodi, ambako mbunge asomaye kurasa mia usiku wa kuamkia kura hawezi kuyaona.

Serikali inayo orodha ya mgawanyo wa masafa, na orodha hiyo yaweza kusomwa. Wanachama wetu wenye ujuzi wa redio, nao hawakosi katika kila wilaya, waisome, wahesabu ni kiasi gani kimetengwa kwa polisi, kwa zimamoto na kwa magari ya wagonjwa, na vipimo vyake ni vya namna gani. Wabunge wetu wakikutana waulize swali hilo kabla ya mnada ujao kutangazwa, na wajibiwe kwa megahezi.